Kamba Nane Kila Upande

Kemuma alifika shuleni Marani siku ile akiwa hoi. Tangu alfajiri alikuwa kwenye egesangio, lile kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu, wakipalilia wimbi la mama yake. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na mgongo ndio usiseme. Lakini hakumlalamikia mtu. Shambani kule watu hupalilia wakiwa wamejipanga mstari mmoja, na anayebaki nyuma hafungui mdomo. Majirani wa kulia na kushoto humpunguzia sehemu yake kimyakimya mpaka mstari unyooke. Kusema "bado sijamaliza" ni aibu, na Kemuma alikuwa na miaka kumi na mitatu, umri ambao aibu huuma kuliko malengelenge.

Siku yenyewe haikuwa ya kukosa shule. Bwana Owino, mtu wa upande wa ziwa aliyefanya kazi ya maabara mjini Kisii, alikuwa ameleta hadubini, chombo cha kutazamia vitu vidogo mno. Katika mwaka huo wa 1955, hakuna mtoto wa darasa la saba aliyewahi kuigusa. Kemuma alikuwa ameisubiri muhula mzima, akimchosha mwalimu kwa maswali.

"Wakinionyesha kwamba wanaelewa jinsi seli inavyojigawa, itabaki hapa wiki mbili," Bwana Owino alimwambia mwalimu. "Wasipoelewa, naondoka nayo leo kwa lori la saa kumi."

Mwalimu Zachariah aliwatoa wanafunzi uwanjani. Naye alikuwa amechoka, maskini. Alikuwa akifundisha madarasa mawili tangu mwenzake alipougua.

"Miili yetu imejengwa kwa seli," alianza kwa sauti iliyokauka. "Ndani ya kila seli mna nyuzi ziitwazo kromosomu, zenye maagizo ya mwili mzima. Kabla seli haijajigawa, kila uzi hujitengenezea pacha. Kisha pacha mmoja huenda huku, mwenzake kule, ili seli mbili zipate maagizo sawasawa. Seli ya mtu ina nyuzi zaidi ya arobaini. Sisi tutakuwa jozi nane tu, maana hata kamba zenyewe hazitoshi."

Wanafunzi kumi na sita walisimama katikati ya uwanja wawili wawili, wameshikana mikono. Kila mmoja alijifunga kamba ya katani kiunoni. Wenzao wawili walisimama pembeni: Andrew Ogari alishika ncha nane, moja ya kila jozi, upande wa kanisa, na Nyangate akashika nane upande wa barabara.

"Sipulizi filimbi mpaka kila mtu ahisi kamba yake inamvuta," Mwalimu alionya. "Asiyevutwa apige kelele, 'Bado!' Bado moja tu inatosha kutusimamisha sote. Mmesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Kemuma alijaribu kukaza fundo lake. Vidole vilikataa kabisa. Andrew alipovuta kidogo, fundo lilifunguka na kamba ikaanguka majanini. Lo! Kila mtu alikuwa tayari, na Bwana Owino alikuwa akitazama saa yake.

"Bado?" Mwalimu aliuliza.

Kemuma alijikaza na kunyamaza, kama alivyozoea shambani.

Filimbi ikalia. Jozi saba ziliachana vizuri, huyu huku, huyu kule. Lakini Abigael, mwenzake Kemuma, alivutwa na Nyangate kwa nguvu, na Kemuma asiyekuwa na kamba akamng'ang'ania. Wakaburutwa wote wawili na kuanguka kifudifudi upande wa barabara.

Mwalimu alihesabu. Huku tisa, kule saba. Akamgeukia Andrew, aliyesimama na kamba moja inayoning'inia tupu.

"Andrew, umeachia kamba! Kazi ya kushika tu imekushinda? Nenda darasani. Hadubini utaisikia kwa wenzako."

"Mwalimu, haki ya Mungu sikuachia!"

"Nenda!"

Andrew aliondoka akipangusa macho kwa mkono wa shati. Bwana Owino alianza kufunga sanduku la hadubini. Kemuma alilitazama lile sanduku. Akisema, hata wakipewa nafasi ya pili ataikosa hadubini yeye. Asiposema, Andrew ataikosa bure. Alimtazama Andrew akikaribia mlango, akaona hawezi kunyamaza.

"Mwalimu, ni mimi!" alipaza sauti. "Kamba yangu ilifunguka, nami nikanyamaza. Mikono inaniuma. Nimechoka, Mwalimu."

Machozi yakamtoka mbele ya wote. Mwalimu alivishika viganja vyake, akaviangalia, akashusha pumzi ndefu.

"Andrew, rudi," aliita. "Nisamehe. Nimekuhukumu kabla ya kuuliza."

Bwana Owino akaacha kufunga sanduku. "Binti, sasa nimeona mmefika kwenye kiini cha somo. Seli inayojigawa husubiri. Wataalamu wameitazama: nyuzi nyingine zote zimejipanga katikati, mmoja umechelewa, na seli imetulia tu, inaungoja. Inajuaje? Hilo bado tunalitafuta. Ila tunajua kwamba ikigawanyika ovyo, seli moja hupata ziada na nyingine hupungukiwa, na mara nyingi huharibika au hufa. Haya, rudieni."

Safari hii Abigael alimsaidia kufunga. Fundo lililegea tena.

"Bado!" Kemuma alipiga kelele, uso ukiwaka moto. Wote kumi na watano wakasimama juani kumngoja, na hakuna aliyecheka. Andrew alikuja mwenyewe kulikaza fundo, akarudi mahali pake. Filimbi ikalia. Huku wanane, kule wanane.

"Hadubini inabaki," Bwana Owino alisema.

Wanafunzi walishangilia kwa nguvu chache walizobakiwa nazo, kisha wakaketi majanini. Mwalimu Zachariah naye akaketi papo hapo, suruali nzuri na yote.

"Hata mimi nimechoka, wanangu," alisema. "Kuchoka si kosa. Kemuma, shambani ukinyamaza, jirani anauona mstari wako na kukusaidia. Lakini fundo lako hapa hakuna aliyeliona ila wewe. Kwa hiyo sema. Ungesema 'bado', tungengoja dakika moja tu. Uliponyamaza, mwenzako ndiye aliyelia."

Kemuma alimtazama Andrew, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Andrew."

"Yameisha," Andrew alijibu, na walipojipanga foleni kuitazama hadubini, akasogea ampe nafasi mbele yake.