Maji Yaliyorudishwa Mtoni

Siku Erick alipomlowesha Editha, Soko Kuu la Morogoro lilifurika watu na mabomba yake hayakuwa na tone. Boza la maji la Erick lilikuwa limesimama upande wa wauza samaki. Mpira ukachomoka kwenye tangi, maji yakamkumba Editha kuanzia kifuani hadi viatuni. Alivaa gauni jipya la kitenge cha njano, na nywele alikuwa ametoka kusuka asubuhi hiyo.

"Kaka, mji mzima unalia kiu, wewe unaniogesha bure?"

"Samahani, mrembo. Lakini ndiyo kwanza umependeza."

"Mwone!" alisema, na kicheko kikamponyoka.

Nyuma ya boza paliandikwa kwa rangi nyekundu: MVUA NI MIMI. Editha alisoma, akabenua midomo. Majivuno ya namna hiyo mtu huyalipia, lakini siku ile nani alijali? Walipeana namba za simu.

Erick alikuwa kijana wa Singida aliyepanga chumba Kihonda, pembeni ya mji. Ukame uliowakondesha wengine ulimnenepesha yeye. Vuli haikunyesha, masika ikanyunyiza siku chache ikaondoka, na Mto Morogoro ukabaki mawe na chupa za plastiki. Boza halikupumzika, wala simu zake za jioni.

"Edi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na nimekumisi, ila sikuambii."

"Si umeshaniambia?"

"Basi sahau."

Posa ilipelekwa, ikapokelewa. Kikwazo kilibaki mto. Katika ukoo wa kina Editha, Waluguru wa mlimani walioteremkia mjini zamani, binti haolewi mpaka mama zake, wakubwa na wadogo, wamwogeshe katika kidimbwi kilichoko mto unapotoka mlimani. Huko aliogeshwa mama yake, na bibi yake vilevile. Sasa kidimbwi kilikuwa udongo uliopasuka. Mjomba Gabrieli, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika ukoo, aliamua harusi ingojee mvua.

Wakangoja mpaka kungoja kukawa aibu. Jioni moja Editha alichoka, akamchokoza mchumba wake kwenye simu.

"Bila maji hakuna harusi, baba. Si unajiita mvua? Nyesha basi!"

"Na nikinyesha?"

"Kesho yake naolewa."

Ulikuwa utani wa mtu mwenye uchungu. Erick aliumeza mzima mzima, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa maji ndiyo kitu pekee alichokuwa na uwezo nacho.

Jumamosi aliwaita Editha, mama yake na mjomba wapande kidimbwini, kuna zawadi. Walimkuta amesimama juu ya jiwe, shati jeupe limepigwa pasi, mpira wa boza begani. Kidimbwi kilijaa hadi ukingoni.

"Nimeleta maji, Edi!" alipaza sauti. "Kwa jina lako!"

Mama mtu akapiga yowe la msibani.

Erick hakujua, na Editha hakuwahi kumwambia, maana nani humsimulia mchumba habari za maiti? Katika ukoo ule maji huchotwa mtoni yakaenda nyumbani. Hupelekwa mtoni siku moja tu, siku ya kumaliza matanga. Jina la marehemu hutajwa, maji humwagwa kidimbwini, na fungu lake duniani linakuwa limerudi.

"Umemrudisha mtoto wetu akiwa anapumua," alisema Mjomba Gabrieli.

"Shikamoo mjomba, mimi sikujua..."

"Sikukuuliza unachojua. Yachote. Ukiyatoa yote kabla hayajapokelewa, nitakupa mke."

Erick akavua shati. Editha akafunga gauni kiunoni, wakachota pamoja, ndoo juu ya ndoo, bila kutazamana. Lakini ardhi iliyolala na kiu muda wote ule haikuwasubiri. Ilikunywa kwa sauti, mapovu yakipanda kutoka kwenye nyufa, na jua lilipofika utosini walikuwa wanakwangua tope.

"Yamepokelewa," mjomba alisema, akashika njia. Mzee yule aliijua ardhi ya mlima tangu utoto. Alijua mwisho wake tangu alipotoa sharti, na alilitoa hivyo hivyo.

Tangu siku ile Editha akitoa shikamoo, mama yake haitikii. Maiti hasalimiwi. Tusimpambe mama huyu: alimpenda binti yake, lakini alimwogopa kaka yake zaidi.

Editha akafunga begi, akapiga simu.

"Erick, twende bomani tukafunge ndoa. Leo."

Erick akazima injini ya boza.

"Erick?"

"Nilimweleza mama kule Singida. Anasema nisimpelekee mke aliyekwisha kuzikwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Naogopa, mpenzi. Nikifumba macho naliona lile tope linakunywa."

"Uliyenimwaga ni wewe, Erick. Sasa unaniogopa mimi?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, hakupatikana. Na hakupatikana tena.

Mvua ilikuja wiki ileile, kana kwamba ilikuwa imejificha nyuma ya mlima ikisubiri mambo yaharibike. Mto ukateremka mjini ukizoa chupa zake, watu wakajipanga darajani kuushangilia, na maboza yakaegeshwa. Editha alivaa gauni la njano akapanda peke yake. Kidimbwi kilikuwa kimejaa maji ya mlima, baridi ya kuuma mifupa. Hakukuwa na mama mkubwa wala mama mdogo wa kumwogesha. Akaingia, akajiogesha mwenyewe, akilia kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia.

Akarudi nyumbani amelowa chapachapa, akasimama katikati ya sebule.

"Mama, nimeoga. Nimeoga mtoni. Shikamoo."

Mama yake akainuka, akachukua tambara. Akapiga magoti mbele ya miguu ya binti yake, akaanza kuzifuta nyayo zake zenye maji sakafuni, moja baada ya nyingine, akirudi nyuma bila kuinua uso wala kuitikia. Alipofika mlangoni akalikamua tambara nje, kwenye mvua.