Ukuta Unaokunywa Maji

Skolastika alikuwa uani kwake, kijijini Simbo, akichemsha chikichi za mawese. Mara akasikia mshindo. Hakugeuka. Alijua ni ukuta wa chumba cha mama mkwe wake. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo ulioshika matofali.

"Mara ya pili!" alifoka. "Mama atalala jikoni mpaka lini? Moshi utamuua!"

Mama mkwe huyo, Bibi Catherine, alikuwa mgonjwa wa kifua. Usiku kucha alikohoa. Na saruji haikupatikana. Mwaka ule wakimbizi walijaa Kigoma, na kila mfuko ulioshuka dukani uliondoka siku hiyohiyo kwenda makambini.

Kwa hasira, Skolastika alipiga teke kipande cha tofali. Fundi Dismasi, jirani yake, alikuwa anapita. Yeye alikimbia vita Burundi tangu mwaka sabini na mbili.

"Mama Bariki, mbona unaipiga teke saruji yako?"

"Dismasi, leo sitaki utani."

"Si utani. Tofali la kuchoma ni udongo uliokwisha kupikwa. Ukilitwanga na kulichanganya na chokaa, linashika. Wala hukati mti mwingine wa kuni."

"Vipande hivi vya kutupa?"

"Hivihivi. Chagua vyekundu. Vilivyoungua vikawa vyeusi, viache. Twanga, chekecha, viwe laini kama unga wa muhogo. Halafu chokaa ndoo moja, unga huo ndoo mbili, mchanga ndoo tatu. Funga kitambaa puani. Chokaa usiishike kwa mikono mitupu, inaunguza."

Dismasi alikuwa na kazi Mwandiga, akaenda zake. Skolastika akatafuta kinu kibovu, kisicho cha chakula, akatwanga siku tatu. Mikono ikatoka malengelenge. Kisha yeye na mumewe, Martini, wakajenga mistari minne ya matofali kwa mchanganyiko huo. Wakauacha ukuta ukauke juani, kama ukuta wowote wa udongo.

Siku ya tano Skolastika aliukwaruza kwa kucha ule mchanganyiko katikati ya matofali. Ukamwagika kama pumba.

Alikwenda kwa Dismasi mbiombio, hata hodi hakupiga.

"Mkimbizi we! Umenitwangisha mawe bure! Mama anakufa kwa moshi, wewe unanicheka!"

Dismasi aliweka chini tonge lake la ugali. Naye alikasirika.

"Zaidi ya miaka ishirini niko hapa. Ukuta ukisimama, mimi fundi. Ukianguka, mimi mkimbizi. Haya, niambie. Uliunywesha maji?"

"Niumwagie ukuta maji? Maji si ndiyo yaliyouangusha?"

Dismasi alinawa mkono. Hasira ikampungua.

"Hapo nimekosa mimi, sikukwambia. Udongo mtupu unataka jua. Huu wa chokaa unataka unyevu, ndiyo ukomae. Ukikauka haraka, umekufa. Ufunike kwa magunia, uyaloweshe asubuhi na jioni, wiki mbili. Usiwe na haraka, haushiki upesi kama saruji ya dukani."

Skolastika alitazama chini. "Nimekutukana nyumbani kwako, shemeji. Nisamehe."

"Nitakusamehe tukiwa kazini. Twende."

Wakabomoa, wakasafisha matofali, wakatwanga upya, wakajenga mpaka juu. Safari hii ukuta ulivaa magunia. Wapita njia walicheka. "Mama Bariki anaogesha nyumba!" Skolastika aliwajibu kwa matusi mazito, akaendelea kunyunyiza.

Wiki mbili zilipokwisha, wakasubiri nyingine mbili. Ndipo Bibi Catherine akarudi chumbani. Siku ya tatu, mchana, mvua kubwa ikapiga ukuta ule mpaka jioni. Skolastika alisimama mlangoni jembe mkononi, tayari kumwokoa.

Mvua ilipokatika, aliingia. Akaugonga ukuta kwa mpini wa jembe. Ulilia ko, ko. Haukumwaga hata punje. Kitandani, Bibi Catherine alikuwa anakoroma bila kikohozi.

"Mama! Hukuogopa?"

Bibi Catherine alifumbua jicho moja.

"Nilikuwa nausubiri uanguke, mwanangu. Nikachoka, nikalala. Nenda kawaonyeshe wale waliokuwa wanacheka."