Mtafsiri wa Kibanda cha Loth

"Mama, napanda Vudee kuchukua ndizi," alisema Yudith, na hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Ndizi angezichukua kweli. Ila hakuna mwalimu wa Kiingereza mwenye akili zake anayeondoka Same kwa bodaboda jua likielekea kuzama, eti kwa ajili ya mkungu.

Mama Dorkas hakuinua macho kwenye ungo wa mchele. "Usiende kubishana na watu wa watu huko. Huo mdomo wako!"

"Mdomo huu ndio unaotulisha, mama."

Na ulikuwa unawalisha kweli. Siku za kazi ulifundisha, Jumapili ukaimba sauti ya pili kanisani, na saa zilizobaki ukasahihisha watu. Yudith alisahihisha makondakta, wenyeviti wa vikao, hata mchungaji mara moja, kwa upole.

Ukweli wa safari ulikuwa filamu.

Dunia nzima walishaitazama, wakapiga mayowe, wakaisahau. Dar ililetwa wiki moja tu, tena mchana, saa ambayo hata mzuka una usingizi, kisha ikaondolewa kupisha kichekesho cha harusi. Arusha lilifika bango peke yake: "Inakuja." Likaning'inia mpaka jua likalibabua. Mtandaoni nako, ukibonyeza, unaambiwa haipatikani nchini kwako. Wenye kumbi wanasema Watanzania hawapendi filamu za kutisha. Nani aliwauliza? Kwenye kundi lao la WhatsApp, Wapenda Mizuka, Yudith na Hellen wa Moshi, rafiki yake tangu chuo, walikuwa wamelalamika mpaka vidole vikaota sugu.

Halafu Godwin, mwendesha bodaboda na mwanakundi, akamnong'oneza stendi: "Dada Yudi, ile kitu inaonyeshwa leo kwetu juu. Kibandani kwa Loth. Imetafsiriwa."

"Imetafsiriwa?" Yudith alikunja uso kama aliyepewa chai yenye chumvi. Lakini mwenye njaa hachagui sahani. Akapanda.

Walipofika, ukungu ulikuwa umeshashuka kwenye migomba. Kibanda kilisimama peke yake pembeni mwa msitu wa ukoo, mbao tupu, bila bango wala kelele. Godwin alizima pikipiki mbali, mlangoni kwa bibi yake.

"Huingii?"

"Bibi hataki."

"Mpenda mizuka gani wewe, unaogopa bibi!"

Bibi Asteria alikuwa kizingitini, kajifunika blanketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ukiingia mle, kaa kimya, mwanangu."

"Ni sinema, bibi. Si ibada."

Yudith akaelekea kibandani.

Ndani palinuka utomvu. Utomvu mbichi, kama mti uliokatwa sasa hivi, ingawa mbao zilishazeeka na kuwa nyeusi. Watu walijaa kwenye mabenchi, wamejitanda kanga na makoti. Yudith aliketi nyuma, akingoja kelele za kibanda anazozijua: miluzi, matusi kwa adui, mjuaji mmoja anayesimulia mwisho kabla haujafika...

Hakuna.

Hakuna hata aliyekohoa.

Mbele iliwaka televisheni. Pembeni yake palining'inia shuka, na nyuma ya shuka ndipo alipokaa Loth na maiki yake. Hakuonekana. Sauti yake ndiyo iliyojaa kibanda kizima, laini, karibu mno, kama mtu anayekupumulia sikioni.

Na alikuwa hodari! Yudith hakutaka kukiri, lakini Loth hakuruka neno. Alitafsiri hata kusita kwa watu, hata uongo wao. Taratibu dharau ilimtoka, hofu ikaingia, ile hofu tamu aliyoisubiri mwaka mzima.

Ikafika sehemu yenyewe. Nyumba gizani. Mtoto dirishani. Nje, katikati ya miti, kitu kinamwita kwa sauti ya mama yake aliyekwisha kuzikwa. Baba mtu akamshika mtoto bega, akanong'ona kwa Kiingereza: usiitike.

Loth akatafsiri: "Baba anasema, itika, mwanangu. Itika, mama anakuita."

Yudith alijikaza. Akaumauma mdomo.

Baba akarudia. Usiitike.

"Itika," alisema Loth, polepole. "Itika..."

"Hajasema hivyo!" Ilimtoka kama chafya. "Kasema *usiitike*!"

Filamu ilisimama.

Vichwa vyote vikageuka. Pamoja. Bila kelele. Na kwenye mwanga ule wa televisheni Yudith aliona kwamba hawakuwa wamekasirika.

Walikuwa wanangoja.

Shuka likasogea. Akatoka mwanamume mwembamba, mashavu yameloa machozi. Alishika koo lake kwa mikono miwili, akajaribu, kama mtu anayewasha pikipiki iliyolala muda mrefu.

"Mama..." alisema, kwa mdomo wake, bila maiki. Akacheka na kulia. Akamwinamia Yudith alipokuwa akipita. "Asante, dada. Wote wanaokuja hapa hukaa kimya. Nimengoja sana mtu wa kunisahihisha."

Akatoka mbio.

Maiki ilibaki kwenye kiti, taa yake nyekundu inawaka.

Yudith alisimama. Alitaka kuuliza huu ni upuuzi gani. Akafungua mdomo, ulimi ukacheza, pumzi ikatoka...

"Huu ni upuuzi gani?" kiliuliza kipaza sauti ukutani.

Kwa sauti yake.

Filamu ikaendelea. "Baba anasema, usiitike," kilisema kipaza sauti, kwa ufasaha, kama mwalimu aliye mbele ya darasa. Watazamaji wakageukia televisheni, wameridhika.

Alikimbia. Nje, Godwin alimshika mikono: "Dada Yudi, nini? Loth kapita hapa anaita mama yake! Huyu mtu hajasema neno nje ya kile kibanda tangu akijenge! Sema basi!"

Midomo yake ilipanda na kushuka. Hewa tupu.

Bibi Asteria alimtazama kooni, si usoni. "Msitu ule wazee walituambia, ukiingia husemi. Ukisikia unaitwa, huitiki. Loth akaenda kukata miti mle, akajengea mahali pa kelele." Akavuta blanketi. "Sasa kile kilichokuwa kikisikiliza huko..."

Akaingia ndani na kufunga mlango.

Hospitali walimmulika koo, wakasema ni zima kabisa. Shule ikampa likizo. Kwaya ikampa maombi. Mama Dorkas, aliyelalamikia mdomo ule miaka yote, sasa alikaa naye jikoni jioni akimwambia, "Nibishie basi, Yudi. Nibishie hata kidogo," na Yudith akakatakata vitunguu ili apate kisingizio cha machozi.

Halafu filamu zikaanza kufika.

Kundi lilishangilia. Kila toleo jipya la kutisha, lile ambalo kumbi haziwezi kuleta, lilionekana kwa Loth kwanza, kisha vipande vikasambaa kwenye simu. "Wadau, tumekombolewa!" "Huyu dada anayetafsiri ni balaa, haruki neno!" Yudith alivaa spika za masikioni, akajisikiliza. Alikuwa hodari kweli.

Jioni moja kikaja kipande kingine. Mwanamke mlangoni, kwa Kiingereza, anasihi: usiingie. Na sauti ya Yudith, laini, karibu mno, ikatafsiri: "Ingia. Ingia, dada..."

Alikielewa kabla hakijaisha: kosa lile lilimngoja mtu wa kulisahihisha.

Simu ikatetemeka. Hellen. "Umesikia? Huyo mtafsiri wenu, sauti kama yako kabisa, kakosea hapo mwishoni! Jumamosi nakuja, unipeleke. Lazima nimwambie."

Yudith aliandika: *Usije.*

Kidole kikabaki juu ya kitufe.

Jikoni mama aliita, "Yudi? Upo?" Akasubiri, kama anavyosubiri kila siku, jibu ambalo wote wawili walijua haliji. "Yudi, mwanangu?"

Alifuta. Herufi moja moja.

Kisha akaandika: *Karibu sana. Nitakupokea stendi.*