Mahindi Yatasagwa Wapi?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Khalayi aliwafungulia kuku, akafagia ua, kisha akanywa chai kwa viazi vitamu pamoja na Kukhu, nyanya yake aliyemlea. Kukhu alikuwa amezoea kuulizwa maswali tangu jua linapochomoza. Mbona jogoo huwika hata kukiwa na ukungu? Nani humwambia kumekucha? Kukhu alijibu aliyoyaweza. Kwa yaliyomshinda alisema, "Hilo kamuulize mwalimu wako. Mimi nilikuta jogoo anawika."

Asubuhi hiyo Khalayi alikuwa na mzigo wa kubeba: mahindi ya kujaa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni. Ulikuwa mwezi wa tano, wakati mahindi mapya bado ni mabichi shambani na ghala limebaki na vumbi. Kukhu aliyatoa mahindi hayo chini kabisa ya gunia la mwisho. Mto Nzoia ulikuwa umevunja kingo kule chini, watu wakayakimbia maji wakahamia katika shule za huko, na shule ya Khalayi, iliyo karibu na Shianda, ilikuwa ikiwachangia chakula.

"Sisi tutakula viazi," Kukhu alisema. "Bora yafike."

Khalayi alitembea na maneno hayo kichwani, katikati ya mashamba ya miwa, mpaka shuleni.

Kwenye gwaride Mwalimu Joash, aliyesimamia mchango huo, alimtambulisha mgeni. Alikuwa mwanamume nadhifu aliyekuja na pikapu nyeupe yenye bendera ya kijani na kipaza sauti. Aliwasalimu, "Mulembe," akazungumza nao kwa lugha ya nyumbani kama mjomba aliyerudi likizo. Kisha akawaombea waliokumbwa na mafuriko, sala ndefu sana, hadi walimu wengine wakajifuta macho. Alipomaliza alisema kwamba shirika lake lingekuja jioni hiyo hiyo kuyachukua mahindi.

Mwalimu Joash akauliza kama kuna mwenye swali. Khalayi akainua mkono.

"Huko yanakokwenda, mahindi yatasagwa wapi?"

Wanafunzi wakacheka. Elvis, aliyesimama nyuma yake, akanong'ona, "Kwa Nini ameanza." Ndilo jina walilompa darasani. Mgeni naye akatabasamu, akasema mashine za kusaga ziko kila mahali, mtoto asijisumbue. Khalayi akataka kujua pia watu hao wanalala katika shule gani. Mgeni akaitazama saa yake, akasema wametawanyika sehemu nyingi.

Baada ya gwaride Mwalimu Joash alimwita kando. Hakumkaripia. Alimkumbusha tu kwamba kwao, mtu akipeleka chakula kwenye nyumba ya msiba, harudi kuuliza kimeliwaje. Kuuliza ni kama kunyang'anya ulichotoa. Khalayi aliitikia kwa adabu, lakini lile swali lilibaki limemkwama kama mbegu ya pera kwenye meno.

Wakati wa chakula cha mchana alienda langoni, ambako Mama Beverly alikuwa akikaanga mandazi. Mama huyo na wenzake wa kikundi cha akina mama kanisani walikuwa wamewatembelea waliofurikiwa wiki hiyo. Khalayi akamuuliza swali lile lile.

Mama Beverly aliacha kugeuza mandazi. "Mashine gani, mwanangu? Ile ya sokoni kule, maji yamefika dirishani. Sisi wenyewe tulipeleka mahindi mazima, tukaaibika. Kuni zimelowa, utayachemshia nini? Watu waliyatazama tu. Sasa tunapeleka unga."

Khalayi akamweleza aliyoyasema mgeni. Mama Beverly hakumsema mtu huyo vibaya. Alisema tu kwamba mashine hiyo iko pale pale magari yanapoishia, na yeyote aliyefika huko hawezi kukosa kuiona.

Khalayi hakula. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, akaingiza mguu mmoja, akautoa. Asubuhi alikuwa ameonywa kuhusu maswali, na sasa anarudi na lile lile. Lakini alikumbuka viazi vya Kukhu, akaingia, akaeleza yote.

Mwalimu Joash aliitafuta namba ya simu ya mgeni. Kisha akampigia na kumwomba jina la shule wanakokaa watu hao, na jina la anayewapokelea misaada. Khalayi alisikia kicheko kwenye simu, kisha sauti ikakauka. Mgeni alisema kama mwalimu hawaamini watumishi wa Mungu, watu wakifa njaa atajua ni kwa sababu ya nani.

Jioni pikapu ilikuja. Mwalimu akaomba apande kando ya dereva, aende naye kuyafikisha mahindi. Mgeni akasema haiwezekani, bila kueleza sababu. Basi mwalimu hakuufungua mlango wa chumba cha mahindi, na pikapu ikaondoka tupu.

"Sasa watu walale njaa kwa ajili ya mdomo wako," Elvis alimwambia Khalayi njiani. "Umefurahi?"

Khalayi aliharakisha mwendo, akijiuliza. Je, kama yule mtu alikuwa mwema, ila amechoka tu kuulizwa? Alipofika nyumbani alimwambia Kukhu kwamba mahindi hayajaenda, na kwamba ni yeye aliyeyazuia. Kukhu aliendelea kumenya viazi.

"Kuchelewa si kupotea," alisema.

Jumamosi wanafunzi waliyapeleka magunia kwenye mashine ya kusaga ya Shianda. Elvis pia alikuja, akarudi mweupe hadi kwenye nyusi, wenzake wakamwita mzungu wa Shianda. Mama Beverly na wenzake walipoombwa waupeleke unga pamoja na mwalimu, walimpa nafasi kwenye gari lao kabla hajamaliza kuomba.

Jumatatu kwenye gwaride Mwalimu Joash alitaja shule aliyoiona, na mwenyekiti wa waliofurikiwa aliyewapokea. Alisema gunia moja lilipasuka njiani, unga ukamwagika, na akina mama wenyewe ndio waliomweleza mwenyekiti kabla hajauliza. Jioni ile watoto wa kule walikula obusuma, yaani ugali, wa moto.

Elvis akainua mkono. "Mwalimu, kwa hivyo yule wa bendera alikuwa mwizi?"

"Sijui, Elvis. Sina ushahidi, na sitamwita mtu mwizi. Lakini simpi mtu mahindi ya watoto kwa sababu tu sijathibitisha kuwa ni mwizi. Mimi nilisikia salamu ya nyumbani na sala ndefu, nikaona imetosha. Haikutosha. Aliyefika huko anajua watu wanakosa nini, na mwaminifu hachoki kuulizwa. Kabla hamjatoa, ulizeni nani anapokea, anahitaji nini, na nani atatuletea habari."

Alimtazama Khalayi, kisha akawatazama wote.

"Nilimwambia mwenzenu kwamba kuuliza ni kunyang'anya. Nilikosea. Mgeni akiondoka kwetu tunamsindikiza njiani. Zawadi nayo tuisindikize kwa maswali, mpaka imfikie mwenyewe."