Pawasaplai ya Boti ya Alphonce

Kompyuta ya Winfrida ilizimika Jumatatu, tarehe 14 Julai 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi. Umeme ulikatika mtaa mzima wa Mwanga, jirani na Ujiji, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili kitu kililia "ta!" ndani ya sipiyu. Moshi ukatoka nyuma. Taa za duka ziliwaka, feni ya dari ikazunguka. Kompyuta ilibaki kimya.

Lilikuwa duka la steshenari lenye kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi. Ndani ya kompyuta kulikuwa na mitihani ya shule mbili, na walimu waliitaka Ijumaa. Winfrida alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Agnesi, wa darasa la pili. Kila siku saa nane mchana mtoto huyo alitoka shule, akakaa kwenye kigoda kando ya meza ya mama yake mpaka duka lifungwe.

Fundi Rodgers, ambaye kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa soko, alifungua sipiyu, akainusa.

"Ni pawasaplai, mama Agnesi, kile kisanduku cha kupokea umeme. Imekufa peke yake, haikuondoka na bodi."

"Haifufuki?"

"Hii? Hata Lazaro alikuwa na nafuu."

Walikwenda kibandani kutafuta nyingine. Rafuni kulikuwa na tatu mpya kwenye maboksi na mbili za mtumba, nyeusi, zilizobanduliwa lebo.

"Usinunue kwa maandishi," Rodgers alisema. "Hapa wameandika wati mia tano, ukiipa kazi haifikishi mia mbili. Tazama nyaya, ziwe nene. Feni isukume kwa kijiti, isikwaruze. Halafu pima kwa mkono. Nzito ina shaba na chuma. Nyepesi ni bati na upepo."

Ndivyo mafundi wa Mwanga walivyochagua siku zote. Winfrida alizipima mbili mbili, moja kila mkono, kama mtu anayechagua mihogo. Zile mpya zilikuwa nyepesi. Moja ya zile nyeusi ilimvuta kiganja chini.

"Hiyo na mwenzake zimetoka boti ya Ujiji," Rodgers alisema. "Si unajua ziwa limefungwa tangu Mei, dagaa wazaliane? Wenye boti wanauza vitu wapate kula. Hizi walikuwa wanaziunga na jenereta, zinawasha taa za kuvulia. Kitu kilichohimili ziwa, dukani kwako kitakuwa likizo. Chukua hiyo. Nyingine ameiwekea oda mwalimu mmoja."

"Ndani umeiangalia?"

"Nzito namna hiyo, nifungue ya nini?"

Aliifuta kwa kitambaa, akakinusa kitambaa, akakitupa chini ya meza. "Boti," alisema.

Alipoifunga dukani, kompyuta iliwaka papo hapo. Kioo kilikuwa na mwanga mkali kuliko zamani.

Jumanne asubuhi Winfrida alikuta nzi. Walikuwa wametanda nyuma ya sipiyu, hawaruki hata walipopungiwa karatasi. Feni ilitoa hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya dagaa waliolowa mvua wakafungiwa guniani. Aliagiza Dettol. Alipofuta kibodi, kitambaa kilivuta ute, na katikati ya herufi kulikuwa na magamba madogo. Aliyakusanya kwa ukucha, akayahesabu mpaka thelathini, akaacha.

Siku hiyo wateja waliongezeka. Alifurahi, mpaka alipogundua kwamba hawaondoki. Mtu aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho alipewa nakala yake, akabaki amesimama, macho kwenye kioo. Akaja wa pili, wa tatu. Jumatano saa sita mchana walikuwa kumi na moja katika duka la watu wanne, wameinamisha vichwa upande mmoja, midomo ikifunguka na kujifunga, ikifunguka na kujifunga, bila neno. Mate yaliwatiririka kidevuni yakadondoka juu ya karatasi za mitihani. Umeme ulipokatika walizinduka wote kwa pamoja. Mzee mmoja alijifuta kidevu kwa kofia yake.

"Binti yangu," aliuliza kwa sauti ya chini, "nilikuja kufanya nini hapa?"

Winfrida alijua kuna jambo. Lakini mitihani ilikuwa imebaki kurasa sita. Alijiambia ataizima Ijumaa.

Alhamisi saa tisa alasiri aliingia stoo kuchukua rimu ya karatasi. Aliporudi, kigoda cha Agnesi kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, ameishika sipiyu kwa mikono miwili, anairamba. Ulimi ulipita juu ya matundu ya feni, taratibu, ukikusanya ule ute, na nzi walitembea mashavuni na pembeni ya midomo yake naye hakuwafukuza.

"Agnesi! Toka hapo!"

"Tamu, mama," mtoto alisema bila kugeuka. "Anasema na mimi niingie."

Winfrida alimvuta kwa kiuno, na mtoto akawa mzito, mzito kama ile pawasaplai mkononi siku ile ya Jumatatu, na alipomng'oa hatimaye wote wawili wakaanguka chali, Agnesi akatapika maji, maji mengi kuliko tumbo la mtoto linavyoweza kubeba, ya baridi, yenye mchanga wa ziwa, na ndani yake dagaa watatu, wawili kati yao wakirukaruka sakafuni. Winfrida alitambaa akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika.

Rodgers alipopigiwa simu alikuja mbio, akafungua skrubu nne za pawasaplai. Hakukuwa na shaba wala chuma. Kulikuwa na mchanga uliolowa, kucha za watu, nywele zilizosokotwa na uzi mweusi, na katikati kipande cha nyama kisicho na ngozi wala mfupa, kilichokuwa kikitanuka na kunywea kama matamvua ya samaki aliyetolewa majini. Rodgers alitoka nje akatapikia mtaroni.

"Sasa hiki," aliuliza aliporudi, akinong'ona, "kiliwashaje kompyuta?"

Alimpigia simu mwenye boti, Alphonce, akaweka spika, akamweleza walichokikuta.

"Nani kakuuzia?" Alphonce aliuliza.

"Shemeji yako. Alisema umemtuma."

"Mimi nilikuwa Kasulu. Sikumtuma mtu. Sikiliza, fundi. Yule aliyemo humo ndani tulimtengeneza avute dagaa. Usiku wa giza taa zikiwaka anavuta, anakula kwanza, kinachobaki ndio chetu. Ziwa limefungwa miezi miwili sasa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ana njaa. Mtafute Bi Ziada wa Kasingirima. Yeye ndiye aliyemfunga humo."

Bi Ziada alifika Ijumaa asubuhi na beseni, ubani na kipande cha wavu kuukuu. Alikuwa mama wa makamo aliyekaanga mihogo barabarani, na mafuta yalikuwa bado yameganda kwenye kanga yake.

"Mwakeye," alisalimu. Alimtazama Agnesi aliyelala mkekani, ambaye tangu jana mdomo wake ulikuwa wazi, haufumbiki. "Hapa hakuna muda."

Alifukiza ubani, akamwinamisha mtoto juu ya beseni, akamfunika kanga.

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Jibu lilitoka chini ya kanga, kwa sauti ya Agnesi, ila kana kwamba limepita majini. "Nile. Mmelifunga ziwa."

"Sikulifunga mimi."

"Huyu ni mdogo. Atatosha wiki."

Winfrida alitaka kupiga kelele, Bi Ziada akamziba mdomo kwa kiganja kinachonuka mafuta. Kwa mkono mwingine aliingiza vidole viwili kooni mwa mtoto, akashika kitu, akavuta. Ulikuwa uzi mweusi uliosokotwa na nywele. Aliuvuta kama mtu anayevuta kamba ya nanga, pima moja, pima mbili, ukitoka na ute na vipande vya samaki waliooza, mpaka ncha yake ikatoka na Agnesi akalia. Kilikuwa kilio cha kawaida cha mtoto. Kioo cha kompyuta kikazimika.

Waliifunga pawasaplai kwenye wavu pamoja na ule uzi. Saa saba mchana Alphonce na Bi Ziada waliizamisha mbele ya Ujiji, mahali ambapo, kwa maneno ya Alphonce, kamba ya pima mia haigusi chini. Kabla ya kupanda mtumbwi Bi Ziada alimgeukia Rodgers.

"Nilifunga wawili. Mwingine yuko wapi?"

"Yupo kwangu rafuni. Naufuata sasa hivi huo mzigo."

Rodgers alikwenda. Rafuni zilikuwa zimebaki zile za maboksi tu. Mke wake alikuwa amempa yule mwalimu ile nyeusi Alhamisi alasiri, wakati yeye akiwa dukani kwa Winfrida. Simu ya mwalimu haikupatikana Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili. Rodgers aliogopa, hakumwambia mtu, hata Bi Ziada.

Agnesi alikula ugali Jumamosi. Jumapili alicheza kamba na wenzake. Jumatatu asubuhi, tarehe 21 Julai, Winfrida alimsindikiza shule mwenyewe, akamfunga kamba za viatu getini, akarudi kufungua duka. Alikuwa amenunua pawasaplai mpya, ya boksi, nyepesi.

Saa nne na nusu Rodgers aliingia dukani, simu mkononi.

"Mama Agnesi, nisamehe. Mwalimu amepokea."

"Mwalimu gani?"

Aliweka spika. Sauti ya mwalimu ilikuwa ya taratibu, kama mtu anayeongea usingizini.

"Nzuri sana, fundi. Nimeifunga kwenye kompyuta ya shule. Watoto wametulia ajabu. Darasa la pili wameingia saa tatu, mpaka sasa hawataki kutoka."

Winfrida aliuliza shule gani. Mwalimu aliitaja.

Alikimbia njia yote. Alifika saa tano kasoro dakika nane. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa wazi na nzi walikuwa wameujaza. Ndani walisimama watoto hamsini na wawili mbele ya kioo kimoja, na sakafu ilikuwa imelowa. Agnesi alikuwa mstari wa mbele. Hakugeuka alipoitwa.