Alama za Vema Kwenye Ratiba ya Soksi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, alimpa mbwa wake Soksi kidonge ndani ya kipande cha nyama. Kisha aliweka alama ya vema kwenye ratiba iliyobandikwa jikoni.

Soksi alipoanza kukohoa, daktari wa mifugo alimpiga picha ya kifua na kupima majimaji ya mapafuni. Hakukuta vijidudu. "Mapafu yamevimba tu yenyewe," alisema. "Vidonge hivi vinatuliza uvimbe, na tutavipunguza kidogo kidogo. Msiache ghafla, hata mkiona amepona."

Wiki ya tatu kikohozi kilikwisha. Lakini dawa ilimtia Soksi kiu isiyoisha, akawa anakojoa hadi sebuleni.

"Nimechoka kudeki!" mama alifoka. "Nikiona mkojo tena, mbwa huyu atalala nje."

Chiriku akaanza kutupa vidonge chooni ili mkojo ukome. Lakini alama za vema aliendelea kuziweka.

Siku ya tano Soksi alianguka mlangoni, ulimi umegeuka buluu, mbavu zikienda mbio. Mama aliibandua ratiba, wakamkimbiza kliniki. Daktari alimwekea oksijeni, akaisoma ratiba, akakunja uso.

"Amekula vidonge vyote na bado yuko hivi? Basi dawa imeshindwa. Itabidi nimpe nyingine, kali zaidi. Inaweza kumharibia ini, hata kumuua." Alitoa chupa kabatini, akashika sindano.

Chiriku aliitazama sindano. Akisema kweli, nyumbani angekiona cha mtema kuni. Akinyamaza, Soksi angechomwa dawa isiyo yake.

"Hakula, daktari," alisema huku akilia. "Nilivitupa. Alama hizo ni za uongo."

Mama alishika kichwa. Daktari aliirudisha chupa kabatini, akamchoma Soksi sindano ya dawa ile ile ya mwanzo. Walisubiri hadi jioni ndipo pumzi zikatulia.

Soksi alipona, ila mapafu yalibaki na makovu. Hatakimbia tena.

"Ungeniambia habari ya mkojo, ningepanga upya dozi," daktari alimwambia Chiriku jioni ile walipokuwa wakiondoka. "Mgonjwa wangu hawezi kujieleza, mwanangu. Mimi natibu kile mnachoniandikia. Leo nilikuwa nimeshashika sindano, na ningemuua mimi, kwa mkono wangu, nikidhani namtibu."