Hodi kwa Kompyuta ya Vizazi na Vifo

Kabla ya kuiwasha kompyuta ya Ofisi ya Vizazi na Vifo, ilibidi ubishe hodi. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, na labda ndiyo maana ilifuatwa. Karani aliyestaafu alimwachia Mama Pacha kiti, funguo na agizo hilo: gonga kifuniko mara mbili, sema hodi, subiri.

Mama Pacha aliona ni utani wa wazee. Asubuhi moja, akiwa amechelewa na hasira zimempanda, akaiwasha bila kubisha.

Kwenye kioo likatokea lile duara dogo linalozunguka kumwambia mtu asubiri. Akasubiri. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka kwenye vibonye. Alipokuja kubandua macho, chai yake ilikuwa imepoa na watu wa foleni walishaanza kuulizana habari za watoto. Tangu siku hiyo hakupata hata lepe la usingizi. Mumewe alilalamika kwamba anapumua kama feni.

Mama Pacha alipokonda kupita kiasi, Mkuu wa ofisi aliita fundi. Fundi akaigusa mashine, akanusa, akashusha sauti.

"Mama, mfumo huu umezeeka. Tuweke mpya."

"Mpya ukiingia, huyu aliyemo atatoka?"

Fundi hakujifanya hakuelewa. "Tukifuta kila kitu, atatoka. Ukibakiza chochote, atabaki nacho."

Humo mashineni mlikuwa na majina ya watoto wote wa wilaya, pacha wake wakiwemo. Nakala hakuna. Mkuu alieleza kwamba mwenyekiti wa kamati ya nakala alifariki, lakini kifo chake hakijasajiliwa kwa kuwa mashine ni nzito kufunguka, hivyo kiofisi angali hai na hawezi kuwekewa mrithi. Kuhusu kufuta au kutofuta, alimwachia Mama Pacha uamuzi. Yeye angesaini tu.

Fundi akaanza kazi. Kioo kikauliza: kubakiza vya zamani, au kufuta vyote?

Mama Pacha akauweka mkono kwenye kipanya, akawaza godoro lake, na mto, na giza zuri la mtu aliyelala fofofo, na kidole kikasogea chenyewe upande wa kufuta huku ile harufu ikimpanda puani na kitu ndani ya mashine kikianza kukwaruza polepole, kama kucha kwenye bati, na dirishani bibi mmoja amempakata mjukuu, anauliza kwa upole kama cheti cha mtoto kitawahi shule kufunguliwa.

Akabonyeza kubakiza.

Harufu ikakatika. Kioo kikang'aa kama sahani iliyooshwa. "Karibu tena," kiliandika. "Vitu vyako vyote vipo." Mkuu alitoa hotuba fupi kuhusu maendeleo, ambayo kwa kipimo chake ilikuwa fupi kweli. Cheti cha mjukuu kikatoka kabla bibi hajapata pa kukaa.

Watu walipokwenda kula, Mama Pacha alilaza kichwa mezani. Usingizi ukaja, mzito, mtamu, ukamfunika mpaka mabegani. Ndipo kukasikika kugongwa, mara mbili, kwa adabu kabisa, upande wa ndani wa kipaji cha uso wake.

"Hodi."

Alikuwa amechoka mno hata kukumbuka kuogopa. Akajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Karibu."